Kusoma jeni za mzabibu si kuzichezea

Pale Marikiti, zabibu zisizo na kokwa hazikosi mtu wa kuzitilia shaka: "Hizi za GMO hizi," yaani zimebadilishwa jeni maabara. Wasiwasi wa chakula naufahamu, lakini hapa umelengwa pasipo. Zabibu za namna hiyo zililiwa karne nyingi kabla ya maabara. Badiliko dogo la kimaumbile katika jeni moja liliikosesha mbegu, wakulima wakaipenda, wakaieneza kwa vipandikizi. Zabibu kavu tunazotia kwenye tambi za kufturia, nyingi ni za ukoo huo.

Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa na Italia walitangaza kwamba wameisoma jenomu, yaani maelezo yote ya urithi, ya mzabibu wa ukoo wa Pinot Noir, zabibu nyeusi ya mvinyo: kromosomu 19, jeni kama 30,000. Walisoma, hawakupachika kitu. Tangu hapo mtaalamu akizalisha miche kwa kuchavusha mzabibu mmoja na mwingine, kama wazee walivyofanya, halazimiki tena kusubiri miaka mpaka izae au iugue. Huchukua kipande cha jani la mche mchanga, akatazama kama umerithi jeni ya kinga. Usiorithi huung'oa mapema.

Kwa nini jambo hili linanigusa? Kuna takwimu hunukuliwa sana Ufaransa: mizabibu ilikuwa na takriban asilimia 3 ya ardhi ya kilimo, ilhali ikimeza karibu asilimia 20 ya dawa. Tatu kwa ishirini! Sehemu kubwa ni dawa za kuvu, salfa ikiwemo, kwa sababu ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili yanayoshambulia majani na matunda. Anayezivuta kwanza ni kibarua mwenye bomba mgongoni, kabla hatujafika sisi wa kuosha tunda kwa maji ya chumvi. Mwaka 2018 Ufaransa ilisajili aina nne za mizabibu, Artaban, Vidoc, Floreal na Voltis, zilizopata kinga kwa kuchanganywa na mizabibu ya mwituni ya Marekani. Hizo hupigwa dawa mara chache mno.

Wapinzani wana hoja. Vimelea hujifunza: kinga ya jeni moja imewahi kuvunjwa, ndiyo maana aina hizo nne zikapewa kinga mbili dhidi ya ubwiri vinyoya. Na aina mpya huwa na mwenyewe. Mzabibu wa zamani unakata tawi, unampa jirani. Wenye hakimiliki unahitaji kibali na malipo. Hilo ndilo linalonitia hofu, kuliko maabara yoyote. Lakini jenomu yenyewe iliwekwa wazi kwa kila mtafiti. Hata kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kinaweza kuitumia kuwazalishia wakulima miche ambayo tawi lake litaendelea kuvuka ua bila risiti.