Damu ya Sukari Bado Inatisha

Pepo wa filamu aliyetengenezwa kwa kompyuta hatishi. Wanaoshuti filamu hapa Dodoma watabisha, maana siku hizi damu inawekwa wakati wa kuhariri, shati la marehemu linabaki safi kama la Jumapili. Watu wa kibanda umiza wakiliona tu, wanacheka.

Tazama The Evil Dead, filamu ya kutisha ya Sam Raimi, ya mwaka 1981. Vijana watano wanafikia kibanda porini, wanacheza kanda yenye maneno ya kale, mashetani yanaamka. Kisa ni hicho tu, na mtu aliyekulia kwenye habari za kupunga pepo hahitaji kueleweshwa zaidi. Kinachomshika ni vitu vyenyewe. Ile damu ni sharubati nzito ya mahindi yenye rangi ya chakula: inanata kwenye nywele, inateremka taratibu, inang'aa taa ikiipiga. Yale macho meupe ni lensi nene, mwigizaji haoni anakokwenda, kwa hiyo kupapasa kwake si maigizo matupu. Mwishoni miili inaoza kwa udongo uliosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Unaona kabisa kuwa ni udongo, na bado mwili unasisimka.

Kuipata damu ya namna hiyo si kazi kubwa. Chemsha vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, tia kijiko cha chai cha maji ya limau ili sukari isirudi kuwa chenga. Epua ikiwa bado inadondoka kama asali nyepesi, kwa sababu ikipoa inazidi kuwa nzito. Rangi nyekundu utie matone machache machache. Wengi wanaharibu hapa: wanamimina chupa nzima, wanapata juisi ya rosela. Kinachokosekana ni kakao, kijiko kimoja cha chai, kilichokorogwa kwanza kwenye maji ya moto kisielee mabonge. Bila kakao mwanga unapenya, kitu kinaonekana soda.

Halafu kuna upepo wetu wa mwezi wa Saba. Damu inafanya utando upesi, vumbi jekundu linaganda juu yake, na shoti ya pili haifanani tena na ya kwanza. Weka karibu chupa ya kupulizia maji. Nunua fulana tatu za aina moja dukani (mtumba haufai hapa, hupati hata mbili zinazofanana). Mpake mwigizaji mafuta mazito ya mgando kabla ya damu, la sivyo atatembea na shingo ya waridi siku mbili.

Kompyuta naikubali kwenye kufuta uzi unaovuta mlango. Na sufuria ifunikwe, sisimizi wa huku hawana habari na mashetani.