Ndege yangu hairuki, acheni kuniuliza

Yaani leo tena. Mtu kaingia sebuleni, salamu, kaletewa juisi, macho yakapanda juu ya kabati la tivii, akatulia, mi nikajua linakuja. Na likaja. "Shemeji, hii inaruka?" Nikamwambia hairuki. "Sasa ya nini?" Nikamuuliza na hiyo jezi ya Arsenal uliyovaa inafunga magoli? Mama watoto akanitupia lile jicho, nikanyamaza, nikamuongezea mgeni juisi.

Mnaojua mnajua. Mtu mzima, kitambi ninacho, ada nalipa, kamati za harusi zinanidai, ila nikisema jioni nakaa mezani nabandika ndege za plastiki basi heshima yote inayeyuka, naulizwa kama nina msongo wa mawazo. Wanaoshinda kwenye mikeka ya kubeti hawaulizwi. Na siyo mdoli jamani, ni modeli ya skeli, moja kwa 144, ndege ya mita 52 inakuwa sentimita 36 na kila dirisha lipo mahali pake. Hiyo ni hesabu. Injinia kabisa angekaa hapa angetoka jasho.

Maboksi ya hizi modeli, yenye vipande vya kubandika, sitaki kuyaongelea. Yapo juu ya kabati, yapo uvunguni, mengine yapo ofisini kwenye droo ya mafaili ambayo bosi hajui na asijue. Mama watoto keshayapangia kazi, eti lile kubwa lingefaa kulelea vifaranga. Afadhali mimi nabandika. Kuna jamaa yangu mmoja chumba chake cha wageni hakijapokea mgeni kwa sababu ya maboksi na hajafungua hata moja, anadai ukifungua thamani inashuka. Mwingine anahesabu ribiti kwenye bawa na rula mkononi, huyo tunamuombea.

Kinachoniuma mimi ni Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza. Kila ukiingia kutafuta boksi unakutana na Spitfire. Kila kampuni ya modeli, Airfix anayo, Tamiya anayo, Eduard anayo, Revell anayo, toleo la kwanza, la tano, la tisa, ya pua ndefu, ya mabawa yaliyokatwa. Halisi zilitengenezwa zaidi ya elfu 20 na nahisi kila moja keshapata boksi lake. Haya sasa wewe mtoto wa Dar sema unataka ndege ambayo watu wako waliipanda, wakashuka na mabegi, wakapokelewa na ukoo mzima uwanjani. Dreamliner sawa utapata, Zvezda wa Urusi wanatoa 787-8, utahangaika tu na dekali, zile stika za kubandika, za twiga wa mkiani wa Air Tanzania. Nyingine ni kusubiri mpaka uzeeke.

Na ya ndoto yangu mimi ni Super VC10 ya East African Airways. Kama hujawahi kuiona katafute picha, nitakusubiri. Injini nne, zote nyuma, mbili huku mbili kule, halafu mkia umesimama juu kabisa wenye dharau zake. Zilikuwa tano, zikasajiliwa kwa nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, maana kampuni ilikuwa ya wote. Moja ilianguka Addis Ababa mwaka 1972, Mungu awarehemu waliokuwemo. Kampuni ikafa 1977, nne zilizobaki zikarudi Uingereza, jeshi lao la anga likazinunua likazigeuza za kumwagia ndege nyingine mafuta hukohuko angani. Na hapa ndo huwa nasimama nikisimulia: VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani, Septemba 2013, ilikuwa yetu. Usajili wake 5H-MMT. Ilishavuliwa jina na kupakwa rangi ya kijivu lakini ni yetu. Miaka 36 baada ya kampuni kufa bado ipo angani inahudumia watu. Simulia hiyo kwenye kikao cha ukoo uone kama kuna atakayekusikiliza.

Basi boksi nikalipata, la Airfix, umbo la tangu miaka ya 60, plastiki zenyewe zimechoka, bawa na mwili vinaachana nafasi ya kupitisha kadi ya benki. Sikujali. Nikapiga puti, nikapiga msasa, nikapiga puti tena. Injini zikiwa nyuma zote maana yake ndege inakaa na matako, pua inaangalia dari, kwa hiyo lazima uweke uzito puani kabla hujafunga. Nikaenda Feri kununua chubwi. Muuzaji akaniuliza navua samaki gani, nikamwambia nguru, ningefanyaje, ningemwambia navua nini.

Ikabaki rangi. Na rangi ndo kisa chenyewe.

Kikompresa changu kilikufa siku ile umeme uliporudi kwa hasira, mnaijua hiyo. Eabrashi, kile kibomba cha kupulizia rangi, ninayo, praima ya maji ninayo, ila upepo sina. Nikawaza, si kuna gereji bubu pale chini ya mwarobaini, mafundi rangi wana kompresa tangi kubwa, nikaombe upepo wa nusu saa nilipe niondoke. Wazo zuri kabisa. Nikaifunga ndege kwenye kanga, nikatoka nayo.

"Bosi karibu, gari iko wapi?"

Nikafunua kanga.

Fundi akaangalia. Akavua miwani. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita wa upande wa pili wanaonyoosha bodi, kufumba na kufumbua nina halaiki, bodaboda wawili wamezima pikipiki, mama ntilie kaja na mwiko. Na bodaboda mmoja akauliza, mnajua aliuliza nini.

Nikajikaza, nikaongea ile sauti ya mtu aliyesoma. "Fundi, mimi nahitaji upepo tu. Rangi ninayo, bomba ninalo. Presha 20 inanitosha."

"Ishirini?" Akacheka mpaka akakaa. "Bosi, ishirini haijazi hata baiskeli ya mtoto."

Nikamwambia ndo ninayotaka. Akasema upepo mtupu hauzi, yeye anauza kazi. Akaanza kuizunguka ndege mikono nyuma, anapiga hesabu kwa vipande wanavyopigaga gari. Bawa hili kipande, bawa lile kipande, mkia kipande, huu mkia mdogo wa juu wa bure nakupa. Injini nne tufanye kama taa. Akainama. "Boneti iko wapi?" Nikamwambia ndege haina boneti. "Haya na hii pua?" Pua ni pua. "Basi boneti." Ukijumlisha ilikuwa bei ya kupaka Vitz upande mmoja, kwa kitu kinachoingia kwenye mfuko wa mkate! Tukabishana. Mama ntilie akawa upande wangu, akasema huyu baba mpunguzieni, mnamuona hali yake. Sikujua kama nishukuru.

Sasa kulikuwa na mzee pale kakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anasubiri Mark II yake, kimya muda wote. Akanyanyuka, akaja, nikatoa shikamoo, akaitika huku macho yapo kwenye mkia. Akasema, "Hii ni Super VC10."

Jamani nilitaka kulia. Nilitaka kumkumbatia yule mzee na ovaroli za watu pale. Nikamwambia ndiyo mzee wangu, ya East African! Akasema, "Naijua. Umebandika madirisha vibaya." Nikamwambia siyo mimi mzee, ni Airfix. Akasema hata kama. Halafu akauliza usajili gani nitaweka, nikamwambia 5H-MMT, akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndo akajitokeza jamaa mmoja wa Nairobi, alikuwa chini ya Probox yake, akatoka na grisi mpaka kwenye ndevu, akasema, "Lakini boss mbona usiweke 5Y-ADA, hiyo ndiyo ilikuwa ya Kenya?"

Mzee akamgeukia taratibu. "Yenu ilikuwa moja. Zetu mbili."

"Mzee, makao makuu si yalikuwa Nairobi?"

"Ndiyo maana hela ziliishia huko!"

Weee. Gereji nzima ikasimama. Watu waliozaliwa 1998 wanabishana nani aliua kampuni 1977, bodaboda anasema ni Amin, mnyoosha bodi anasema ni Wazungu, jamaa wa Probox anasema Tanzania ndo walifunga mpaka, mzee anamjibu tulifunga baada ya nyie kufanya nini, sema, tulifunga baada ya nini. Mi nipo katikati nina furaha ambayo siwezi kuielezea, mara ya kwanza maishani mwangu watu wanaongelea VC10 mbele yangu na sijaianzisha mimi. Nikaingia na mimi. Nikawapa ya Septemba 2013. Nikawapa 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutoka kiwandani, 1970, na yenyewe ilikuwa yetu. Mzee akanipa mkono! Fundi rangi na yeye kasahau bei, anauliza hiyo ya kumwaga mafuta angani inakuwaje, bomba lake linafungwa wapi.

Nageuka, dogo wa gereji, saidia fundi, kashika ndege yangu. Mkono wa pili ana tambara. Tambara limelowa. Na ile harufu.

Nyie wenzangu mmeshaelewa. Kwa wengine ngoja niseme: thina ya magari na plastiki hii ni maji na sukari. Dogo katumwa na nani, hajatumwa, kaona tunapiga siasa akaamua ausaidie ulimwengu, kabla ya rangi lazima utoe mafuta ya mikono si ndo alivyofundishwa. Kafuta mkia. Kaufuta kwa bidii. Nilipomfikia mkia umekuwa laini, umelegea kidogo upande wa kushoto, na katikati kabisa pana dole gumba lake, mistari yote inaonekana, ungeweza kumsajili laini ya simu.

Sikupiga kelele. Nilisema tu "dogo," halafu sauti ikakatika.

Fundi akaja akaangalia, akabonyeza, akaweka dole lake na yeye. "Hii ndogo bosi. Tunajaza puti, tunapiga msasa, hutajua." Nikamwambia puti ya magari nayo itakula. "Basi tunakata hiki tunatengeneza kingine cha bati." CHA BATI. Mzee akasema zamani dogo kama huyu angefukuzwa kazi, jamaa wa Probox akakubali, hilo ndo jambo pekee waliloelewana mchana kutwa. Na upepo wenyewe sikupata, umeme ulikatika hapohapo, na bado fundi akadai ya usumbufu, nikampa, ndiyo nilimpa, kwa sababu halaiki ilikuwa inaangalia na mimi ni mtu mzima.

Ila ngoja niwaulize kwa ustaarabu. Ni lazima iwe hivi? Mtu wa Shizuoka, kule Japani kwa akina Tamiya, akiishiwa rangi anavaa ndala anaenda dukani. Mimi nikiagiza kopo la rangi la kutoshea kiganjani naambiwa inashika moto, haipandi ndege. Rangi ya ndege haipandi ndege! Gundi hivyohivyo. Na dekali zikifika joto lishazigeuza njano, na unyevu wa hapa mjini unajua wenyewe, na kile kioo cha mbele cha rubani kiliruka kwenye kibano mwezi wa ramadhani mpaka leo hakijaonekana, nimefagia, nimemulika tochi, nimepekua mpaka mfuko wa vakyumu ya jirani. Nachotaka ni ndege moja nyeupe yenye mistari ubavuni. Moja! Sijaomba serikali.

Mkia nimeukata kwa wembe, nachonga mwingine kwa kadi ya plastiki, taratibu. Baada ya hapo kama nikibaki na akili nataka Twin Otter, kale kandege ka injini mbili, ile ya 1/72 iliyokuwa ya Matchbox baadaye Revell wakaitoa, nimuwekee mama yangu, maana yeye ndo ndege alizozijua za kwenda Mafia, anasema walipimwa na kuku zao. Au Fokker Friendship. Ila Friendship boksi limekuwa adimu, ukiliona ujue mwenyewe kafa au kaachika.

Halafu katikati ya yote haya simu inaita, kamati ya harusi ya mtoto wa dada, wananikumbusha ahadi. Nikasema nipo vibaya kidogo mwezi huu. Mwenyekiti akasema tumesikia una ndege, bwana harusi si anafanya kazi uwanja wa ndege, basi tunaomba uilete tuiweke juu ya keki. Juu ya keki. Na chubwi zake puani, si itazama mpaka chini ya sinia. Nikawaambia kwa sasa haina mkia, wakasema hamna shida tutaweka ua. Nikauliza basi ihesabike kwenye mchango wangu. Nikaombwa nisubiri, nikasikia wananong'ona, mweka hazina akaja hewani akasema kamati imekaa imekubali kupunguza elfu tano, ila keki ikibomoka ni juu yangu.