Watoto wa huku wanatafiti ajali za kazini kwa baba zao, kwetu Tanzania je?

Wandugu, kuna kitu kimoja cha huku Ayalandi nakionea wivu kweli na sio hela wala barabara. Ni mashindano ya utafiti ya wanafunzi, yale ya Young Scientist yanayofanyika Dublin pale kwenye kumbi za RDS kila Januari, yapo tangu 1965 na miradi kama 550 inafika fainali, wenye miradi ni watoto wa sekondari. Naendaga na wanangu, na sijawahi kukosa meza ya mtoto wa mfugaji anayeelezea ajali za shambani, maana huku wakulima ni wachache lakini kwenye vifo vya kazini kilimo kipo juu karibu kila mwaka.

Na hawaongei juu juu. Binti mmoja alinieleza habari ya shimo la kinyesi cha ng'ombe, lile la chini ya banda, ukianza kulikoroga inatoka gesi ya haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo inanuka kama yai viza, ikizidi pua inakufa ganzi husikii chochote, mtu anadondoka, na anayekimbilia kumuokoa naye anadondoka. Kwahiyo unasubiri siku ya upepo, unafungua milango yote, unatoa ng'ombe, unawasha mashine halafu unakaa mbali angalau dakika 30. Kujua wakulima wanajua, shida ni kufuata. Yeye alichokuwa anatafuta ni kwanini hawasubiri hizo dakika 30, akapita kwa majirani mmoja mmoja anauliza. Mtoto wa miaka 15 jamani!

Mwingine alikuwa na ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, ikidaka mkono wa koti huna muda hata wa kupiga kelele. Kava la plastiki likivunjika mtu anasema nitabadilisha kesho. Nikasimama pale namfikiria mtoto wa shangazi yangu, mkanda wa mashine ya kusaga ulidaka khanga yake, akapoteza vidole vitatu, na ile mashine kesho yake iliendelea kusaga vilevile haina kava.

Sasa msiniambie kwetu hakuna mashindano. Young Scientists Tanzania ipo tangu 2011, Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry waliichukua mfano huku huku Ayalandi, na watoto wetu wanafanya mambo makubwa tu. Sheria ya usalama kazini tunayo ya 2003, OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ipo, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi WCF ulianza kazi 2015. Ila WCF inaendeshwa kwa michango ya waajiri, sasa kijana wa mashine ya mtaani, wa gereji, anayechomelea mageti bila miwani, anayeshika zebaki kwa mikono kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, huyo nani anamchangia? Akiumia anaishia zahanati, ndugu wanachanga, basi. Hakuna anayeandika popote.

Hapo ndo namuona mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hahitaji maabara, anahitaji daftari na miguu, azunguke mashine zote za kata yake aulize mkanda una kava au hauna, nani aliumia, ilikuwa saa ngapi, alikuwa anafanya nini. Mwenye mashine akimuona afisa anafunga mlango, ila mtoto wa jirani atamwambia ukweli wote.

Kila tarehe 28 Aprili, siku ya usalama na afya kazini, OSHA wanatoa tuzo kwa makampuni, sawa, ni vizuri. Naomba na wanafunzi wawekewe yao, na hiyo zawadi isiwe cheti na laptop tu, iwepo na hela ya kuchomelea makava kwenye zile mashine alizozikagua, fundi wa mtaani kava moja halimchukui hata siku nzima.