Gitaa moja, mtu mmoja, na ile mikwaruzo

Mnaukumbuka ule mlio wa Nokia, ukilia kwenye daladala watu kumi wanapapasa mifuko? Basi ule ni kipande kidogo cha Gran Vals, muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega, mzee aliyefariki 1909. Huo ndo ulinifanya nianze kusaka haya magitaa ya Hispania na Amerika Kusini, na sasa wiki nzima nalala na albamu moja ya mpigaji mmoja, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, gitaa tu.

Washkaji wanasema huo muziki wa kusubiria daktari. Haya, weka iafoni usikilize Recuerdos de la Alhambra ya huyohuyo Tárrega, utaapa wapo wawili. Kumbe dole gumba linapiga besi, halafu kidole cha pete, cha kati na cha shahada vinapokezana kwenye uzi mmoja, noti ileile mara tatu, upesi mpaka sikio linadanganyika kwamba uzi haujaachwa. Nimejaribu na gitaa la kuazima, nikatoa mlio wa kuku anayedonoa bati.

Ila hii albamu wameisafisha mno jamani. Nyuzi tatu nene za gitaa hili zimezungushiwa waya, mkono ukihama lazima zikwaruze, fyuu, na mimi huo mkwaruzo naupenda kuliko hata noti zenyewe maana ndo unajua kuna mtu pale anahangaika. Ukiufuta inabaki kinanda cha harusini.

Halafu kwanini Agustín Barrios wa Paraguay amesukumwa mwisho kabisa? Asturias ya Albéniz, Mhispania mwingine, ambayo hata haikuandikwa kwa gitaa, ni ya piano ile, ndo imewekwa mlangoni. Barrios mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, tena wa nyuzi za chuma, na miaka ya 1930 alipanda jukwaani na manyoya kichwani kama chifu wa Waguarani, wenyeji wa asili wa kule kwao, anajiita Nitsuga Mangoré (Nitsuga ni Agustín kinyumenyume, isome tu), akafia San Salvador 1944. Kwangu La Catedral yake ya 1921 inawafunika wote humo ndani, wanisamehe Wahispania.

Kwahiyo siku hizi naanzia mwisho. Kwenye ile sehemu ya kumalizia ya La Catedral, vidole vinakimbia kweli, kuna mkwaruzo mmoja waliusahau, mfupi sana. Nishaurudisha mara sijui ngapi.