Hotpoti ya Injinia

Mjomba wangu alistaafu kujenga barabara na makalvati siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu alikuwa ameshahamia kwenye ubongo. Si kwamba alirudi chuo. Alinunuliwa simu mpya, akaingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wastaafu, na huko video za ubongo zinagawiwa bure usiku kucha. Haukupita muda, ukimpa shikamoo, kabla ya marahaba anakueleza salamu yako imetokea upande gani wa kichwa.

Mtaani wanamwita Injinia, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mtu akishaitwa Injinia, hata akizungumzia mdondo wa kuku, watu wanasogeza viti karibu. Kalvati zake zipo, magari yanapita juu yake na hazibomoki, basi watu wamekubaliana kwamba kichwa kilichoweza kalvati hakishindwi na kitu.

Shule moja ya binafsi ikamwalika azungumze na wazazi wa darasa la saba kabla ya mtihani. Mada: Ubongo wa Mtoto. Mimi ni fundi simu, nina projekta na spika ninazokodisha kwenye kitchen party na misiba, kwa hiyo nikateuliwa kuwa idara ya mitambo. Nilipouliza malipo akasema, "Tutaongea." Ndugu akikwambia tutaongea, ujue mmeshaongea.

Usiku wa kuamkia semina, simu ikaita.

"Mjomba, nataka ubongo."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ubongo mzima, wa ng'ombe. Watu wakikiona kitu chenyewe hawasahau."

Kupata ubongo mzima si mchezo. Kwenye bucha za mtaani kichwa kikishapasuliwa, ubongo umevurugika na vipande vya mifupa. Nikadamka kwenda Vingunguti, kwa wanaouza vichwa vya supu. Jamaa mmoja mwenye buti za mvua na kishoka akaniuliza nautaka wa kula au wa dawa. Nikamwambia wa semina. Akanitazama, akapandisha bei.

Lakini kazi aliijua. Alikilaza kichwa juu ya gogo, akagonga kuzunguka fuvu taratibu, tak, tak, tak, akabandua mfupa wa juu. Ndani kukawa na utando mweupe mgumu; akauchana kwa ncha ya kisu, akapitisha vidole chini, akakata vishikizo vya huko bila hata kuvitazama, akautoa. Ulikuwa wa waridi iliyopauka, mikunjo mikunjo, na vimishipa vyekundu vimetambaa juu yake, halafu laini kiasi kwamba ulipokaa kiganjani ulianza kubonyea wenyewe. Haukufika hata nusu kilo.

"Usiubane," akasema, "utakufia."

"Si umeshakufa, kaka?"

"Utakufia wewe mteja. Mimi nimeshapokea hela."

Nikamuuliza huu upande wa kushoto kazi yake nini, nipate la kumwambia Injinia. Akafuta kishoka. "Hata sijui. Mimi nautoa tu."

Niliuosha, nikauweka kwenye hotpoti ya anti, mke wa Injinia, ile ya maua mekundu ambayo hutoka kabatini kwa ajili ya wakwe. Ukumbini nikaiweka chini ya meza ya projekta, nikaenda kutafuta waya wa kuunganishia umeme.

Injinia alikuwa ameagiza wazazi wapokelewe na muziki wa Mozart, kwa sababu unafungua akili za watoto. Nilikuja kusoma habari hiyo baadaye. Mwaka 1993 huko Marekani wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikilizishwa Mozart dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye fumbo la kukunja na kukata karatasi, na nafuu yenyewe ilidumu kama robo saa ikayeyuka. Hapakuwa na mtoto hata mmoja katika jaribio lile. Hiyo haikumzuia gavana wa Georgia, Zell Miller, mwaka 1998 kuomba dola 105,000 za serikali ili kila kichanga jimboni mwake kipewe muziki huo. Kwetu sisi Mozart alipiga mpaka bando likakata, flashi yangu ikadakia na singeli, na wazazi wa nyuma ndipo walipoanza kuamka.

Injinia akapanda jukwaani. Suti ya kijivu, kalamu ya taa mkononi.

"Ndugu wazazi, binadamu anatumia asilimia kumi tu ya ubongo wake!"

Ukumbi ukaguna kwa huzuni, kila mtu akiisikitikia tisini yake. Mama mmoja akanyosha mkono, bado yuko na sare za unesi, ametoka zamu ya usiku.

"Injinia, samahani. Wodini kwetu kibonge kidogo cha damu kikiziba mshipa mmoja mwembamba, mtu anaamka mkono haunyanyuki na maneno hayatoki. Mbona sijawahi kupokea mgonjwa ambaye kiharusi kimempiga kwenye ile tisini isiyotumika?"

"Swali zuri sana," akasema Injinia, ambayo kwake maana yake ni slaidi inayofuata.

Nami pale kwenye projekta nilikuwa na langu, ila mpwa habishani na mjomba mbele za watu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliotulia. Mpangaji gani analipia umeme wa vyumba kumi halafu analala kimoja?

Slaidi iliyofuata ilikuwa ya kushoto na kulia. Injinia akaamuru wazazi wote wafumbate mikono, vidole vipitane, kisha kila mmoja atazame dole gumba lipi limelala juu. Kwa dole hilo, akasema, utajijua kama wewe ni mtu wa ubongo wa kushoto, yaani wa hesabu na mipango, au wa kulia, yaani wa nyimbo na hisia. Akataka wakae kwa makundi. Viti vikaburutwa. Mume na mke waliokuja pamoja wakatenganishwa, na yule mama hakuficha furaha yake. Kasheshe ikaja kwa mwalimu wa hisabati wa darasa la saba: dole lake likamtuma upande wa waimbaji. Minong'ono ikaanza. Baba mmoja akauliza, kwa sauti ambayo hakuipunguza, kama hela ya twisheni inarudishwa.

Habari hii ya kushoto na kulia ina mzizi, si kwamba imetungwa kijiweni. Roger Sperry, mwanasayansi wa Marekani, aliwachunguza wagonjwa wa kifafa ambao walikuwa wamekatwa ule mkanda wa nyuzi unaounganisha pande mbili za ubongo ili kifafa kitulie. Akaona kila upande una mambo unayoyamudu kuliko mwenzake, na lugha kwa watu wengi huegemea kushoto. Mwaka 1981 akapata tuzo ya Nobel. Lakini hao walikuwa wamekatwa. Wewe na mimi mkanda wetu upo, nyuzi zipatazo milioni 200, na habari zinavuka huku na huku mchana na usiku. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 wakitafuta mtu wa kushoto na mtu wa kulia, wasimpate. Yaani Injinia, mtu aliyekula mshahara wa madaraja maisha yake yote, kwenye ubongo daraja ndilo alilolisahau.

Ikaja picha kubwa ya ubongo wenye madoa mekundu na ya njano. "Hapa," kalamu ya taa ikatua kwenye doa, "ndipo panapokaa heshima kwa wazazi."

Watu wakainua simu kupiga picha. Kwenye safu ya tatu alikuwepo baba mmoja mpole, shati la mikono mifupi, ambaye kazi yake ni kuendesha mashine za picha za mwili hospitalini. Akasimama nusu.

"Injinia, hizo rangi huwekwa na kompyuta. Mashine inapima damu yenye oksijeni inavyobadilika, halafu hesabu ndiyo inayoamua wapi papakwe rangi. Hesabu ikikosewa inaonyesha maajabu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake kule Marekani waliingiza samaki aina ya samoni kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu, wakamuuliza kila mtu kwenye picha anajisikiaje. Doa jekundu likatokea kwenye ubongo wa samaki."

"Umeona!" Injinia akasema. "Hata samaki!"

"Samaki alikuwa amekufa, Injinia. Walimnunua amekufa."

Ukumbi ukacheka. Yule baba akaeleza kwamba ukikagua maelfu ya vidoa kwa mpigo, vichache vitawaka kwa bahati tu, na wale jamaa walitaka kuwakumbusha wenzao warekebishe hesabu zao kabla ya kutangaza kitu. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Injinia akasubiri kicheko kiishe, akarekebisha tai.

"Inategemea," akasema, "alikuwa amekufa muda gani."

Na amini usiamini, watu wakapiga makofi! Makofi yale yalinisumbua mpaka nilipokutana na utafiti wa mwaka 2008 wa Deena Skolnick Weisberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale. Waliwapa watu maelezo mabovu kuhusu tabia za binadamu, kisha wakayachomekea sentensi za ubongo zisizosaidia chochote. Watu wa kawaida wakayaona yamekuwa mazuri zaidi. Wanafunzi waliokuwa wanasoma somo la ubongo nao wakanasa. Wataalamu wenyewe ndio walioruka mtego. Pale ukumbini wataalamu wetu walikuwa nesi mwenye usingizi na baba wa safu ya tatu, na kura zao hazikutosha.

Ikatangazwa chai. Meza kuu ikaandaliwa: chapati, maandazi, mayai, na sahani ya kitu laini kilichokaangwa na vitunguu na hoho, kinanukia mpaka kwangu kwenye nyaya. Injinia akajipakulia, akaonja, akafumba macho.

"Maini haya kayapika nani? Yanayeyuka!"

Akaongeza. Mwalimu mkuu akachota, mwenyekiti wa kamati ya wazazi akachota, mwalimu wa hisabati akafuta vilivyobaki pembeni kwa chapati. Nesi akasema anatosheka na chai.

Walipomaliza kujifuta midomo, Injinia akashika maiki. "Ndugu wazazi, sasa mtaona kitu chenyewe kwa macho yenu. Mjomba, leta."

Nikainama chini ya meza ya projekta. Hapakuwa na hotpoti. Nikainua macho nikaona maua mekundu. Yalikuwa meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, kifuniko kiko pembeni, na ndani kumebaki kipande kimoja na kitunguu.

Mama mpishi akaitwa. Akaja anajifuta mikono kwenye kanga, hana wasiwasi hata chembe.

"Dada wa mapokezi kaikuta hotpoti chini ya meza, akaniletea jikoni. Nafunua, naona ubongo umeoshwa vizuri, nikajua mgeni rasmi kaja na chakula chake maalumu. Wageni wengine wana sukari, hawali kila kitu. Nikamkaangia. Kwani umezidi chumvi?"

Mwalimu mkuu alishika meza kwa mikono miwili. Shehe mmoja akauliza jambo pekee la msingi, kachinja nani, nikamjibu ni wa machinjioni Vingunguti. Akaendelea na andazi lake. Mwenyekiti akaitazama sahani yake muda mrefu.

"Mimi nilichota upande huu wa mlangoni," akasema polepole. "Ni kushoto au kulia?"

Mwalimu wa hisabati hakungoja jibu. Akavuta hotpoti kwake. "Kama hicho kilichobaki ni cha kushoto, naomba nimalizie mimi. Nina kipindi kesho asubuhi."

Nilidhani hapo Injinia atakwama. Thubutu! Alikunywa maji, akasimama wima. "Na hilo ndilo nililotaka mlione. Ubongo hujenga ubongo." Kalamu zikashuka kwenye madaftari. Nesi alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea ukuta.

Wakati nakunja nyaya, mzazi mmoja mwenye daftari akamfuata mlangoni. "Injinia, samahani, kuna hili shimo la hapa getini. Mvua ikinyesha maji yanatuama, magari yanakwama. Tujaze kifusi tu, au tuweke kalvati?"

Injinia akavua koti, akanipa nimshikie. Akaenda mpaka getini, akachuchumaa kwenye tope na suruali yake ya suti, akachota udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Akatazama mteremko wa barabara, juu, kisha chini.

"Siwezi kukuambia."

"Hata kwa kukadiria tu, mzee?"

"Nikadirie nini? Sijapima udongo. Sijui maji yanatoka wapi na yakitoka hapa yanakwenda kwa nani. Lazima tuchimbe, sampuli iende maabara, tupime miinuko, tupate takwimu za mvua za miaka mingi. Mtu akija hapa akatazama tu akakwambia weka kalvati, mfukuze. Tapeli huyo."

Mzazi akatikisa kichwa kwa heshima, akafungua daftari, akaandika hilo la tapeli chini ya "ubongo hujenga ubongo". Mama mpishi naye alikuwa ameshafika getini na karatasi yake: mafuta, vitunguu, hoho, mkaa. Injinia akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanipa mimi.