Hotipoti Tisa, Kisu Hakuna

Mama watoto yuko Kasulu. Binti yetu amejifungua, na bibi lazima akamkalishe arobaini. Sina kinyongo. Nimeachiwa nyumba, kuku wanne, nusu gunia la mkaa na agizo fupi: "Vyombo vyote vipo, kazi yako ni kupika tu."

Vyombo vyote vipo. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Siku ya kwanza nilikula chapati za genge la chai. Siku ya pili wali maharage wa stendi. Siku ya tatu nikashika mfuko, mfuko ukanijibu vibaya. Nikasema hapana, mimi mtu wa Mwanga, hapa Kigoma, mgebuka, samaki wa ziwa letu, nimeanza kumla kabla sijaota meno, nishindwe kujipikia? Alfajiri nikapanda bodaboda hadi mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanashusha, taa zao za usiku ndio kwanza zinazimwa. Nikachagua mmoja, kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha za vidole, anang'aa kama bati jipya. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, nikupasulie? Hela ndogo tu." Nikamcheka. "Mwanangu, nyumbani kwangu kuna seti ya visu sita."

Nayakumbuka maneno hayo kila nikitazama plasta kwenye kidole.

Nimefika, nikafungua kabati. Ndani kuna hotipoti tisa. Nimezihesabu, nikatoka nje nikavuta hewa, nikarudi kuzihesabu tena. Tisa. Tunaishi wawili! Hotipoti kazi yake ni kuzuia chakula kisipoe, na mimi chakula chenyewe sina, nizuie nini? Nyuma yake chupa za chai tano, moja bado ina karatasi ya bei. Glasi dazeni mbili zimefunikwa taulo kama wagonjwa. Halafu kuna zile sahani za udongo zenye mstari wa dhahabu, ambazo ndani ya nyumba niliyoijenga kwa jasho langu sijawahi kuruhusiwa kuzilia. Za wageni. Mgeni gani? Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alikuja, akapewa soda na mrija, akaondoka. Mimi mwenye nyumba nalia kwenye sahani ya plastiki iliyokuwa nyeupe. Mawese yameigeuza rangi ya chungwa, na mawese yakishahamia kwenye plastiki hayana mpango wa kuhama. Loweka na sabuni ya unga usiku kucha, asubuhi utakuta sabuni ndiyo imekuwa ya chungwa.

Mali yote hiyo imetoka kwenye mchezo. Kina mama wanachanga, zamu ya mtu ikifika analetewa vyombo kwa ngoma na vigelegele, vimefungwa kwenye nailoni vinametameta. Sasa nani atamchezea mwenzake ngoma na kisu kichwani? Mwiko nao utaufungaje nailoni ukapendeza? Ndiyo maana havitolewi. Kichen pati ya huyuhuyu binti aliyejifungua ilikuwa vilevile, nilichangia hadi nikakopa. Alitoka na majagi, mabeseni, ndoo za mifuniko, hotipoti (naam, ni ugonjwa wa ukoo), gari likajaa. Wiki ya pili ya ndoa simu ikaita. "Shikamoo baba. Naomba unitumie mwiko." Nikaenda stendi kumkabidhi kondakta wa basi la Kasulu mwiko mmoja uliozungushiwa gazeti. Akaupima kwa mkono, akaniuliza kama ndani kuna kitu cha thamani.

Turudi kwa mgebuka.

Ile seti ya visu sita nilinunua mwenyewe, kwa machinga, nikiri. Vinakaa kwenye kigogo chao cha mbao kama waheshimiwa jukwaani, na kama waheshimiwa wengine hawajafanya kazi yoyote tangu siku ya kuapishwa. Nikachomoa kirefu, nikamwekea mgebuka tumboni, nikavuta. Mgebuka akabaki ananitazama. Nikavuta tena. Nikaona labda nimekishika kichwa chini, nikageuza. Hali ni ileile. Nikasukuma kwa nguvu za kiume, kikateleza juu ya magamba, kikaja moja kwa moja kwenye kidole cha shahada. Kumbe kinajua kukata! Watu wanaogopa kisu kikali, lakini kisu kikali kinapita kinapotumwa. Kibutu ndicho kinakulazimisha usukume, na ukishasukuma hujui kitaishia kwa nani.

Tena wa kulaumiwa ni kibao. Tulikuwa na kibao cha mbao chenye bonde katikati, kikatupwa, eti kimezeeka. Kikaletwa cha kioo, kimechorwa zabibu. Kioo, jamani! Kila ukikata unasikia kriii, makali yanaaga dunia. Hata kisu cha mchinjaji ukikikatishia vitunguu pale juu wiki moja tu, kitarudi bucha kikiwa kijiko.

Basi, samaki nikampasua kwa wembe. Msiulize.

Kikaango sasa. Kipo kile cheusi kisichogandisha, cha upana wa sahani. Dada aliyeniuzia alisema moto mdogo, kijiko cha mbao, usikisugue kwa steliwaya. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini jiko la mkaa lina kitufe cha moto mdogo? Mkaa ukikolea umekolea. Ule weusi ulianza kubanduka vipande vipande, tukadhani ni pilipili manga. Nikakibandika hivyohivyo, nikamimina mawese, nikamlaza mgebuka: kichwa nje upande wa kulia, mkia nje upande wa kushoto, katikati ndiko kunakoiva. Amelala kama abiria mrefu wa daraja la tatu. Nikawa namsogeza mara huku, mara kule, mawese yakapata moto kupita kiasi, yale mekundu yakapauka, moshi ukajaa mpaka kuku wakatoka wenyewe.

"Shemeji!" jirani akaita ng'ambo ya ukuta. "Kuna usalama?"

"Upo, shemeji! Napika!"

Akanyamaza kidogo. "Haya, pole."

Ndipo nikaikumbuka Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, mitambo wakaipaka grisi kwanza. Ikalala chini ya ziwa hadi ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Hiyo ndiyo naita chombo. Kikaango changu kililala kwenye ndoo ya maji siku mbili tu, mpini ukalegea.

Ugali ndio ulionimaliza. Ugali wa muhogo haupikwi na mtu mpole, unavuta kama mpira, unataka mkono na mwiko wa mti. Nilichokikuta mimi ni mwiko wa kisasa, laini, wa rangi ya waridi. Nikauingiza, ukapinda. Nikasonga kulia, mpini ukaenda kulia, kichwa kikabaki kushoto kinafikiria. Na sufuria yenyewe imetoka kwenye zile seti za saba zinazoingiana, nyembamba kama kopo. Kwa kuwa ni nyepesi haitulii, nikizungusha mwiko na yenyewe inazunguka juu ya jiko, tukawa tunafuatana. Chini ugali umeungua, juu unga mbichi. Mama yangu alikuwa na sufuria moja nzito, chungu kimoja, kisu kimoja alichokinoa kwenye jiwe la mlangoni, kinu, na mwiko uliolika upande mmoja. Tulikuwa watoto wanane, tulishiba. Naye hotipoti hakuwa nayo, kwa sababu chakula chake hakikupata nafasi ya kupoa.

Nikapiga simu Kasulu.

"Kile kisu chenye mpini wa kamba kiko wapi?"

"Kwa jirani."

"Mwiko mkubwa?"

"Kwa jirani. Na kile kikaango kizito cha marehemu mama, kabla hujauliza."

"Tangu lini?"

"Tangu ile hitima. Sasa baba, wewe si una seti yako?" Nikamsikia anacheka, na kichanga kikalia, naye akakata.

Nikavaa kandambili, nikazunguka ukuta. Jirani amekaa kwenye kigoda, kisu changu mkononi, anakata kitunguu huku anaongea na mtu, hata hatazami, kinapita kama kwenye maji. Kwenye kikaango cha mama yangu amelala mgebuka mzima, kichwa ndani, mkia ndani. Mwiko wangu umesimama wima katikati ya ugali wake. Nikameza mate, nikamweleza shida yangu kwa adabu zote, na kidole nikakiinua ili ushahidi uonekane.

Akakifuta kisu kwenye khanga, akanigeuzia mpini.

"Chukua tu, shemeji. Ila kesho asubuhi nirudishie, nina wageni."