Miji ya sponji: Turenscape ilipatia wapi, na lawama za Zhengzhou zina uzito gani?

Kongjian Yu alianzisha kampuni ya usanifu wa mandhari ya Turenscape jijini Beijing mwaka 1998, akapingana na desturi ya kuyatimua maji ya mvua kwa mifereji ya zege. Alitaka yapunguzwe kasi, yatuame, yazame ardhini. Serikali ya China ililichukua wazo hilo, la mji unaonyonya mvua kama sponji: mwongozo wa 2015 ulitaka asilimia 70 ya mvua imezwe au itumiwe papo hapo.

Kazi yao ninayoiona bora ni Qunli, mjini Harbin. Kinamasi cha hekta 34 hivi kilikuwa kinakauka kwa kuwa mtaa mpya ulikuwa umekizunguka na kukata njia zake za maji. Turenscape hawakugusa katikati. Walichimba vidimbwi pembezoni, udongo wakaurundika kuwa vilima na kuupanda miti, kisha mabomba ya mvua ya mtaa yakaelekezwa humo ili maji yachujwe kabla ya kuingia kinamasini. Mtaa uliokuwa unakiua ndio sasa unakinywesha. Wakazi nao wakapata bustani, wanapita juu ya vijia vilivyoinuliwa.

Kisha ikaja mafuriko ya Zhengzhou, jiji la katikati mwa China. Tarehe 20 Julai 2021 zilianguka milimita 201.9 za mvua kwa saa moja, katika jiji lililokuwa limetenga mabilioni ya yuan kwa miradi ya sponji. Watu 380 walikufa au kutoweka, wakiwamo abiria walionaswa kwenye treni ya chini ya ardhi. Wakosoaji wakauliza sponji ilikuwa wapi. Yu alijibu kwamba tatizo ni madimbwi kufukiwa na mito kutiwa zege, yaani wazo halikufuatwa ipasavyo. Kuna ukweli hapo, ila ni jibu lisiloshindwa kamwe: kila jiji litakalozama litaambiwa halikuwa sponji halisi.

Hesabu inasaidia zaidi. Mvua ile ni takriban mita za ujazo 2,000 kwa kila hekta, ndani ya saa moja tu. Udongo wa kawaida wa mjini hauwezi kuinywa kwa kasi hiyo. Zile asilimia 70 zinahusu mvua za kawaida za mwaka mzima, na kwa hizo Qunli inatosha kabisa. Kwa dhoruba ya aina ile, mifereji mipana bado inahitajika, na zaidi ya hapo, mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha treni mapema.

Kwa hiyo naona lawama ya Zhengzhou haifiki kwenye udhaifu halisi wa kampuni hii, ambao ni ardhi. Serikali za miji ya China zimetegemea sana mapato ya kuuza haki za kutumia ardhi. Kuacha hekta 34 ziwe matete ni kuacha pesa mezani. Yu alizunguka miaka mingi akiwahubiria mameya wakubali. Alifariki Septemba 2025 katika ajali ya ndege ndogo huko Pantanal, eneo la vinamasi nchini Brazili. Wachoraji Turenscape inao. Wa kuwashawishi mameya kama yeye sijui kama inaye.